Cicely Williams, munganga aliyewauliza wamama kwanza

Mtoto wa miaka miwili amevimba miguu na uso. Nywele zimegeuka nyekundu, ngozi inabanduka, hataki kula wala kucheza. Kutoka Kabambare mpaka Kasongo, wamama wengi wanaujua ugonjwa huu. Ni kwashiorkor, ao bwaki kama wanavyosema upande wa Kivu. Lakini ni wachache wanaomjua munganga aliyeliingiza jina kwashiorkor katika vitabu vya waganga. Ni mwanamke, Cicely Williams.

Alizaliwa Jamaika tarehe 2 Desemba 1893. Aliingia masomo ya uganga kule Oxford, Uingereza, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Nafasi ilipatikana kwa wanawake juu wanaume wengi walikuwa vitani. Alipomaliza mwaka 1923, alishika njia ya magonjwa ya watoto. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilimtuma Gold Coast, ambayo leo ni Ghana.

Kule Accra alikuta watoto wengi wanaletwa hospitalini wakiwa wamechelewa, wamevimba, na wanakufa mikononi mwake. Wakubwa wa uganga walisema ni pellagra, ugonjwa uliojulikana tayari. Williams hakukubali. Aliandika habari za kila mtoto, alipasua miili ya waliokufa ili aone kilichowaua, kisha alifanya jambo ambalo waganga wengi wa wakati ule hawakulifanya: aliwauliza wamama.

Wamama walikuwa na jina lake tayari, katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Hapo akaelewa. Mtoto anaachishwa ziwa juu mwingine amekuja, anabaki na uji wa mahindi peke yake, bila chakula cha kujenga mwili. Aliandika habari hiyo mwaka 1933, wataalamu wakambishia. Mwaka 1935 akaandika tena katika gazeti la waganga The Lancet, safari hii na jina lenyewe. Ilipita miaka mingi mbele ya wote kukubali.

Hakuelewana na wakubwa wake, na mwaka 1936 akahamishwa Malaya, huko Asia. Kule alikuta makampuni yanawauzia wamama maziwa ya kopo yenye sukari nyingi, na watoto wanakufa. Mwaka 1939 alisimama Singapore, mbele ya wafanyabiashara, na kusema wazi kwamba kumpa mtoto mchanga maziwa hayo ni kumuua. Vita vilipofika, Wajapani walimfunga kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kazi ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani, OMS. Baadaye alifundisha waganga Beirut, Lebanoni, na katika nchi nyingine nyingi. Alikufa Uingereza mwaka 1992, akiwa na miaka 98.

Kazi aliyoifungua ilifika mpaka kwetu. Miaka ya 1970, timu ya Kasongo pamoja na Taasisi ya Antwerp, Ubelgiji, ilipima watoto wa Kasongo na kufuata nani anaishi na nani anakufa, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Matokeo yalitoka katika The Lancet hiyo hiyo mwaka 1981. Surua na njaa vinatembea pamoja: mtoto akitoka kwa surua akiwa amedhoofika, bwaki iko karibu.

Leo munganga aliyefundishwa dharura za watoto anajua kwamba mtoto aliyevimba hatibiwi kama wengine. Ukimwekea serumu nyingi kwenye mshipa, moyo unashindwa. Ukimpa chakula kingi siku ya kwanza, anaweza kufa. Kwanza anapewa sukari, anafunikwa asipate baridi, anapewa dawa ya mikrobi, na maziwa ya F-75 kidogo kidogo kila saa mbili ao tatu, usiku pia. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo anaongezewa. Bila mafunzo hayo, munganga anaweza kumuua mtoto huku akitaka kumuokoa. Na katika vijiji vyetu anayempokea mtoto kwanza si daktari wa watoto, ni muuguzi wa kituo cha afya. Kwa hiyo na yeye lazima afundishwe.

Williams aliamini pia kwamba anayetibu ndiye huyo huyo anapaswa kumsikiliza mama na kumshauri juu ya chakula. Muhogo unajaza tumbo, lakini mtoto anahitaji pia maharagi, karanga, samaki, yai.

Na mzazi asingoje. Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, kisha achilia. Mashimo yakibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.