Miss Thackeray wa Mbweni na Wasichana Waliochelewa Shule



Najua kati yetu wapo wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, wapo wanaosoma jioni wakitoka kazini, na wapo walioacha kabisa kwa kuona umri umekwenda. Leo ninawaletea maisha ya mwalimu mmoja. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mwanglikana, lakini jema ni jema tu, tunajifunza.

Anaitwa Caroline Thackeray, Mwingereza wa ukoo mmoja na yule mwandishi maarufu wa riwaya, William Makepeace Thackeray. Alifika Zanzibar mwaka 1877 kuongoza shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria kule Mbweni, pwani, kusini mwa Mji Mkongwe. Shamba lile lilinunuliwa na misheni ya UMCA mwaka 1871, na baadaye wakakaa humo watu waliokombolewa utumwani.

Hapa tukumbuke historia kidogo. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873, ila biashara yenyewe haikwisha siku hiyo. Majahazi yaliendelea kusafirisha watu kwa siri, manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata, na watoto waliokutwa ndani wakapelekwa misheni. Wasichana wengi wakaangukia mikononi mwa Miss Thackeray.

Sasa mfikirie msichana huyo. Ametekwa bara, labda upande wa Ziwa Nyasa. Wazazi hajui waliko, na watu anaokaa nao hawasemi lugha ya kwao. Ameshauzwa kama mzigo. Ni nani angemtazama akaona mwalimu ndani yake?

Shuleni walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Waliokwenda vizuri waliendelea, wakaanza kuwafundisha wadogo zao palepale huku na wao bado wanasoma. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuupata ualimu: unajifunza, unafundisha, unarudi kujifunza tena. Baadhi yao walikuja kufundisha kwenye vituo vya misheni bara. Wengine walifundishwa kazi za mikono, kama kushona, kupika, kufua na kusuka mikeka.

Niseme ukweli, jambo hili linanisumbua. Waliokuwa wakiamua nani anafaa ualimu na nani aende kufua ni Wazungu, na msichana mwenyewe hakuwa na sauti kubwa. Aliyetoka utumwani alistahili kuulizwa anataka nini. Kumpenda mwalimu huyu kusitufanye tufumbe macho. Na wewe unayesaidia wadogo zako leo, usiwachagulie maisha kabla hujawasikiliza.

Lakini kuna kitu alikiona sawasawa. Sisi mafrateri tukiwa falsafa tunasoma kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba kilichomo ndani ya kitu kama uwezekano tu hakijitoi chenyewe. Kinahitaji kitu ambacho tayari kiko kamili ndicho kikitoe. Kuni zinaweza kuwaka, ila moto lazima utoke mahali. Akili ya wale wasichana ilikuwepo tangu wakiwa kwenye jahazi, yaani Miss Thackeray hakuwapa akili. Alichowapa ni muda na mafundisho, na mara nyingi fedha zake mwenyewe.

Muda ndio tunaoukimbia sisi. Tunataka cheti kesho asubuhi! Yeye aliongoza shule ile kwa miaka 25, hadi 1902. Alipostaafu angeweza kurudi kwao akapumzike, lakini alibaki Mbweni. Alifariki mwaka 1926 na akazikwa hukohuko. Piga hesabu: karibu miaka 50 mahali pamoja. Magofu ya shule yake yapo hadi leo, na kanisa la Mtakatifu Yohana bado limesimama.

Kwa hiyo wewe uliyeachia njiani, usiseme mlango umefungwa. Upo Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha unafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipo vyuo vya VETA kwa anayetaka ufundi. Kipo Chuo Kikuu Huria kwa anayefanya kazi na hawezi kukaa darasani kila siku. Ni njia ndefu, sikudanganyi. Na wewe uliyekwishafika, hebu tafuta mtu mmoja tu parokiani kwako, umsaidie hesabu au Kiingereza mara moja kwa wiki, na usimwache akifeli mara ya kwanza.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyeweka talanta kwa kila mtu, uwape moyo wanaoanza kusoma wakiwa wamechelewa, na utupatie walimu wasiochoka. Amina.