Guccio Gucci: Mpagazi Aliyejenga Nyumba Isiyowafaa Wanawe

Katika biashara ya mitindo ya kifahari, ni majina machache yaliyovuma kama la Guccio Gucci. Mkoba wenye herufi mbili za G hutambulika Nairobi sawa na unavyotambulika Milan, hata ukiwa wa kuigiza. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo hawamjui aliyelibeba. Aidha, hawajui kwamba nyumba aliyowajengea wanawe haimilikiwi leo na yeyote wa ukoo wake.

Guccio alizaliwa mjini Florence, Italia, tarehe 26 Machi 1881. Babake, Gabriello, alikuwa fundi wa kofia za mabua, biashara ambayo haikumfikisha mbali. Akiwa bado barobaro, Guccio alifunga safari hadi London, akaajiriwa katika hoteli ya Savoy kuwabebea wageni mizigo. Kazi hiyo, duni machoni pa wengi, ndiyo iliyokuwa chuo chake. Matajiri wa Ulaya na Marekani walishukia hotelini humo na masanduku ya ngozi yaliyoshonwa kwa ustadi. Mpagazi huyo akajifunza kwa mabega yake uzito wa ngozi nzuri, na kwa macho yake namna sanduku linavyomtambulisha mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Aliporejea kwao alimwoa Aida Calvelli, na baadaye akajifunza kazi ya ngozi katika kampuni ya Franzi. Mnamo 1921, akiwa na umri wa miaka 40, alifungua duka lake Florence, akauza masanduku, mikoba na vifaa vya wapanda farasi.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulitokana na matukio ya Afrika Mashariki. Mnamo Oktoba 1935, majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Umoja wa Mataifa wa wakati huo, uliokuwa na makao Geneva, ukaiwekea Italia vikwazo vya biashara, na ngozi ikaadimika. Guccio hakufunga duka. Aligeukia kitambaa kizito cha nyuzi za mmea wa jamii ya bangi uliolimwa nchini mwake, akakitia nakshi ya almasi ndogondogo, na ngozi kidogo aliyokuwa nayo akaitumia pembeni tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uhaba uliendelea, na mafundi wake wakaja na ubunifu mwingine: mnamo 1947 walipasha mianzi moto, wakaipinda, wakaifanya mishikio ya mikoba. Leo wasomi wa mitindo huzungumzia uendelevu na matumizi ya mali asili kwa kiasi. Guccio alifundishwa somo hilo na dhiki, na vitu vilivyozaliwa na dhiki hiyo ndivyo vilivyokuja kuwa alama za fahari.

Ikiwa katika malighafi alikuwa mwepesi wa kubadilika, katika suala la jamaa alikuwa mgumu kama jiwe. Biashara aliiona kuwa mali ya damu yake. Wanawe Aldo na Vasco waliingia kazini mapema, na Rodolfo, aliyekuwa mwigizaji wa filamu, akajiunga nao baadaye. Ni kwa msukumo wa Aldo kwamba duka la Roma lilifunguliwa mnamo 1938. Upendeleo huo wa jamaa ulikuwa na faida: siri za kazi hazikutoka nje, na kila mwana aliuona ushindi wa duka kuwa wake.

Lakini upendeleo una mizani yake, na mizani ya Guccio ilikuwa na kasoro. Binti yake, Grimalda, alifanya kazi dukani, na mchumba wa binti huyo ndiye aliyemkopesha mzee fedha duka lilipokaribia kufilisika. Guccio alipoaga dunia mjini Milan tarehe 2 Januari 1953, hisa za kampuni zilikwenda kwa wana watatu wa kiume. Grimalda hakuachiwa hata moja. Hivyo basi, kilichoamua nani arithi hakikuwa damu pekee wala uwezo, kilikuwa jinsia.

Mwaka huohuo duka la New York lilifunguliwa, na kwa miongo miwili Aldo akaieneza kampuni ulimwenguni. Utajiri ulikua, nao ukafunika nyufa. Wajukuu walipoingia, kila mmoja alidai nafasi kwa haki ya jina. Paolo, mwana wa Aldo, alitaka kuuza bidhaa kwa jina lake mwenyewe. Alipozuiwa, aliwafichulia wakuu wa Marekani hesabu za babake. Mnamo 1986, Aldo, akiwa na umri wa miaka 81, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa kukwepa kodi. Maurizio, mwana wa Rodolfo, alirithi nusu ya kampuni babake alipofariki mnamo 1983, akaiongoza hadi ukingoni mwa kufilisika. Mnamo 1993 aliziuza hisa zake kwa Investcorp, kampuni ya uwekezaji ya Bahrain, na ukoo ukatoka. Miaka miwili baadaye aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Milan, na aliyekuwa mkewe akapatikana na hatia ya kupanga mauaji hayo. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Hapa aliyechukua kapu akavuna ni mgeni.

Je, tuseme basi kuwa biashara ya ukoo ni laana? La hasha. Tangu 1999 Gucci imo mikononi mwa kampuni ya Ufaransa inayoitwa Kering, ambayo nayo inadhibitiwa na ukoo, ule wa Pinault. Mnamo 2005 François Pinault alimkabidhi uongozi mwanawe, François-Henri. Mnamo 2025 mwana huyo alimwachia mtu asiye wa ukoo kiti cha mtendaji mkuu, naye akabaki mwenyekiti. Umiliki ulibaki nyumbani, kazi ikapewa mwingine. Guccio hakuwahi kuvitenganisha viwili hivyo. Mpagazi aliyejua kupima sanduku kwa bega hakuwapima wanawe kwa kipimo hichohicho, na binti aliyekwisha kuubeba mzigo hakumwona.