Dk. Hart, bingwa wa kifua kikuu aliyefichuliwa kazini

Baadhi ya wagonjwa wangu wa Mchikichini hawataki kuchukua dawa za kifua kikuu kliniki ya jirani. Wanapanda daladala hadi Temeke, wasije wakaonwa na mtu wanayeuza naye mitumba pale Karume. Wiki hii nawaletea daktari wa Marekani aliyeionja hofu hiyo kwa namna yake.

Alan Hart alizaliwa Kansas mwaka 1890, akahesabiwa mtoto wa kike na kupewa jina la kike. Baba yake alifariki kwa homa ya matumbo yeye akiwa mdogo sana, akakulia Oregon. Tangu utotoni alijiona mvulana. Alihitimu udaktari Portland mwaka 1917 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa. Kisha, baada ya mazungumzo marefu na Dk. Allen Gilbert, aliondolewa kizazi, akakata nywele, akavaa suti na kuishi kama mwanaume. Najua wapo watakaoguna hapa. Endeleeni kusoma tu.

Mwaka 1918 alipata kazi hospitali moja San Francisco. Haukupita muda, mtu waliyefahamiana chuoni Stanford akamtambua na kusema. Magazeti nayo yakaandika. Hart akaacha kazi, akaenda kutibu watu Gardiner, kijiji cha Oregon. Baadaye alifanya kazi Montana, New Mexico, Washington na Idaho, kila mara akianza upya na wagonjwa wasiomjua. Mwaka 1925 alimwoa Edna Ruddick, wakaishi pamoja hadi kifo.

Sasa kazi yake. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na kwa miaka mingi wengi waliihusisha na mifupa iliyovunjika. Kifua kikuu kilibainika mgonjwa akishakonda na kutema damu, naye ameshawaambukiza wanawe. Hart alikuwa mmoja wa waliosisitiza kumpiga picha mtu anayejiona mzima. Mionzi hupenya kirahisi kwenye mapafu yenye hewa, hivyo huonekana meusi. Penye ugonjwa pana weupe. Huko Idaho, mwishoni mwa miaka ya 1930, aliendesha kliniki za uchunguzi sehemu mbalimbali za jimbo. Dawa ya kuua vimelea haikuwapo bado; kumgundua mtu mapema na kumtenga kuliokoa familia nzima.

Mwaka 1948 alipata shahada ya afya ya jamii Yale, kisha akahudumu Connecticut mpaka alipofariki mwaka 1962. Aliagiza barua na picha zake ziharibiwe. Lakini Gilbert alikuwa ameshaandika habari zake mwaka 1920 katika jarida la kitabibu, akimtaja kwa herufi H tu. Miaka ya 1970 mtafiti akaunganisha. Sisi madaktari bado tunaficha wagonjwa kwa herufi, na mimi siioni kuwa kinga ya kutosha.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, au mtoto wako haongezeki uzito na ana homa zisizoisha, nenda kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, kwa kawaida kwa miezi 6. Na kama hutaki jina lako na ugonjwa wako vitajwe kwa sauti dirishani, mwambie muuguzi mapema. Ni haki yako.