Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Katika darasa letu la Galbet, hapa Garissa, tuliulizwa: Ahmad bin Majid si ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498? Hili ndilo walijualo wengi, na wengi hawajui jingine. Twaona amedhulumiwa.

Alizaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Babake na babu yake walikuwa waalimu wa vyombo. Na maana hiyo ya neno mwalimu, wazee wa pwani waijua vyema. Babake alitunga utenzi wa beti zaidi ya 1,000 juu ya njia na miamba ya Bahari ya Sham. Kijana mwengine angaliuhifadhi akaringa nao. Yeye aliupima kwa safari zake mwenyewe, muda wa karibu miaka 40, na palipokosewa akapasahihisha, ijapokuwa aliyekosea ni babake mzazi. Vitabu vya waalimu mashuhuri wa zamani navyo alivisoma, akaona wenyewe walikusanya maneno ya watu kuliko walivyosafiri.

Na kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Usiku, chombo kikiyumba, mwalimu hushika kibao chenye uzi wa mafundo, akatazama nyota ya Kaskazini imeinuka vidole vingapi juu ya bahari. Kukosea kidole kimoja ni kukosea karibu maili 100 za baharini. Likitanda wingu, hapana kipimo. Hungoja usiku mwengine. Kusini mwa Ikweta, katika njia ya Kilwa na Sofala, nyota hiyo haionekani kabisa, ikabidi kupimia nyota nyingine. Njia hiyo aliitungia utenzi, Sufaliya. Sisi tu mbali na bahari, lakini wafugaji wetu nao hutazama nyota kujua majira, na twajua ni miaka mingapi mtu hukesha hata azitambue.

Mwaka 1462 alimaliza utenzi wake mkubwa, Hawiya. Kitabu chake cha Fawaid hakikutimia ila baada ya miaka 28 mingine.

Ama ile khabari ya Malindi, aliyemtaja kwa jina ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baadaye, akadai kwamba mwalimu huyo alileweshwa kwanza. Waandishi wa Kireno wao walimtaja mtu wa Gujarat. Na Ibn Majid wakati huo alikuwa ni mzee aliyekwisha kuandika vitabu vyake vikubwa. Wanavyuoni wengi wa leo hawaikubali khabari hiyo, nasi hatuikubali.

Lakini uvumi ulienea, na kazi ya mkono wake ikafichama makabatini. Baadhi ya maandiko yake yalikuwa Paris, na utenzi wa Sufaliya ulikaa Leningrad, haukupigwa chapa hata mwaka 1957.