Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji na Ubao Wake wa Mraba

Afikaye Kenyatta Market, jirani na Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, hupokewa na mambo mawili: moshi wa nyama choma na wito wa wasusi. Katika masoko kama hilo kote Afrika Mashariki, biashara hujitangaza kwa mchoro. Bucha huchorewa fahali, saluni huchorewa kichwa kilichosukwa. Mchoro aghalabu huwa mmoja, mkubwa, umekaa katikati, na rangi yake ni ile ya mafuta inayouzwa dukani kwa ajili ya milango na madirisha. Mpita njia hausimamii mchoro huo wala hamuulizi mchoraji jina. Hata hivyo, rangi ya namna hiyo ndiyo iliyomtoa Edward Saidi Tingatinga katika vibarua vya Dar es Salaam ikamweka miongoni mwa wachoraji wanaojulikana zaidi Afrika Mashariki. Maisha yake yanamfaa kila anayejiuliza ilhamu ya msanii hutoka wapi.

Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika kijiji cha Namonchelia, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alilelewa miongoni mwa Wamakua. Majina yake mawili, Edward na Saidi, yanakutanisha Ukristo na Uislamu katika mtu mmoja, jambo la kawaida katika koo nyingi za kusini. Elimu aliyoipata ilikuwa ya miaka michache tu ya shule ya msingi. Hakufunzwa uchoraji darasani. Alichopewa na kwao ni nchi ya misitu, ya tembo na simba, na hadithi za wanyama zinazosimuliwa usiku.

Mwaka wa 1957 aliondoka kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini wakati huo. Miaka miwili baadaye alihamia Dar es Salaam, ambako alikuwako ndugu yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mwingereza. Tingatinga akawa mtunza bustani. Baada ya hapo alishika kila kazi iliyompa riziki: aliuza mboga na matunda, alidarizi vitambaa, alipiga muziki, na hatimaye akapata kazi ndogo katika hospitali ya Muhimbili. Almuradi, alipofikisha umri wa miaka thelathini na mitano alikuwa hajawa mchoraji.

Alianza kuchora mnamo mwaka wa 1968. Wataalamu wamehitilafiana kuhusu kilichomsukuma. Wapo wanaomrejesha kijijini, kwenye mapambo yaliyochorwa katika kuta za nyumba za udongo za Wamakua na Wamakonde. Wapo wanaomrejesha mjini, kwenye picha za wachoraji wa Kongo zilizochuuzwa katika mitaa ya Dar es Salaam miaka ya 1960, ambazo zilipata wanunuzi kwa urahisi. Kila upande una lake la kutetea, kwani hoja ya kwanza humpa msanii mizizi na ya pili humpa soko. Ila mtu aliyetoka Tunduru akapita Tanga na kuishia Msasani hakulazimika kuchagua. Aliwaona wenzake wakiuza picha, akatambua kwamba naye anaweza. Alipokaa kuchora, kilichomjia mkononi ni kile alichokuja nacho kutoka kwao.

Lililo wazi zaidi ni vifaa vyake. Turubai na rangi za wasanii waliosomea uchoraji hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Alinunua ubao mwembamba wa kupigia dari na rangi za mafuta za makopo, zile za kupakia nyumba na baiskeli. Ubao mzima wa futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya mraba wa futi mbili, yaani takriban sentimita 60 kwa 60, na hicho ndicho kipimo kilichozoeleka katika picha zake. Rangi ya kopo nayo ina tabia zake. Hung'aa, hukauka kwa ukali, na haichanganyiki kwa ulaini unaohitajika kuonyesha kivuli au umbali. Basi Tingatinga alipaka kwanza mandharinyuma kwa rangi moja, akamweka mnyama mmoja katikati, chui au nyati au ndege, akamzungushia mchirizi, kisha akajaza ngozi yake kwa nukta. Pembeni aliongeza majani machache ili mnyama asielee hewani. Mtindo wenye jina lake ulitokana na mambo hayo ya lazima.

Mwanafunzi wa ushairi hatashangazwa na jambo hili. Mtunzi wa tarbia hupewa mishororo minne, vina na mizani, na ndani ya kuta hizo hutafuta la kusema. Mara nyingi kizuizi cha kina ndicho kinachomletea neno ambalo asingelifikiria. Ubao wa mraba ulikuwa ubeti wa Tingatinga. Fani ilimbana, na katika kubanwa huko maudhui yake yakapata sura.

Mnunuzi pia alikuwa na mkono wake. Picha ziliuzwa penye duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa waliokoishi wageni wengi waliokuja kufanya kazi Tanzania katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyeketi na picha na kuziuza, na bila yeye huenda mchoraji asingepata nafasi ya kuchora. Mgeni aliyekaribia kurudi kwao alitaka kitu cha kukumbukia Afrika, kidogo cha kutosha kuingia katika sanduku. Chui wa futi mbili alitimiza haja hiyo. Wapo waliomlaumu Tingatinga kwa sababu hii, wakidai kwamba alichora kilichotakiwa na watalii. Lawama hiyo inasahau kwamba wanyama hao walikuwa wake kabla ya kuwa wa mnunuzi. Soko lilimwelekeza katika kuchagua, lakini halikumfundisha kuona.

Picha zilipozidi kutakiwa, shirika la umma lililohusika na biashara ya sanaa lilianza kuzinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tingatinga akawakusanya ndugu na jamaa akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, na Simon George Mpata. Walijifunza kwa kutazama na kuiga, kama ajifunzavyo mwana wa fundi seremala.

Kazi hii ilikatizwa ghafla. Usiku mmoja mwaka wa 1972, Tingatinga akiwa garini na rafiki zake, polisi waliokuwa wakiwasaka wezi walidhani kwamba ndio hao, wakafyatua risasi. Alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini, baada ya kuchora kwa takriban miaka minne tu. Aliacha mjane na watoto wawili.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka wa 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama chao cha ushirika. Mpata alikuwa amehamia Nairobi katika miaka ya 1970, akachora huko hadi alipofariki mwaka wa 1984. Picha zake zilipendwa sana Japani, na hoteli moja ya Maasai Mara ikapewa jina lake. Ni Nairobi pia ambako vilitengenezwa vibonzo vya televisheni viitwavyo Tinga Tinga Tales, vilivyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka wa 2010. Watoto waliovitazama walimjua tembo na kobe bila kujua kwamba jina lile lilikuwa la mtu.

Hapa ndipo penye uchungu wa maisha haya. Kwa Waswahili, tingatinga ni mashine ya kulimia au kusukumia udongo. Kwa watalii, ni aina ya picha. Nomino ya pekee imekuwa nomino ya kawaida, na mtu amefichwa na neno lake. Picha zinazouzwa kwa jina hilo hazihesabiki, ilhali alizochora yeye mwenyewe na kuzitia sahihi yake ni chache, na baadhi ya zinazodaiwa kuwa zake ni za kughushi. Kumkumbuka vyema ni kumrudishia mambo yaliyomfinyanga: kijiji cha Tunduru, bustani za watu, kopo la rangi, ubao wa dari, mke aliyeketi dukani na picha. Na huenda anayepita mbele ya bucha ya Kenyatta Market, akamwona fahali aliyechorwa ukutani kwa rangi ya mlango, akasimama kidogo na kuuliza ni nani aliyemchora.