Arthur Holmes: Mtu Aliyehesabu Umri wa Milima

Ukisafiri kutoka Moshi kwenda Same, Milima ya Upare hukusindikiza upande wa kushoto. Mlima Kilimanjaro unaipita kwa urefu, lakini kwa umri ni mtoto mbele yake. Volkano zake zilianza kuujenga takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, ilhali miamba ya Upare ilipikwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Mmoja wa waliotufundisha kuhesabu miaka hiyo ni Arthur Holmes.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 huko Gateshead, Uingereza, katika familia ya Kimethodisti. Biblia ya wazazi wake ilionesha pembeni mwa ukurasa mwaka wa uumbaji: 4004 kabla ya Kristo. Kijana alijiuliza hesabu hiyo ilitoka wapi, na swali hilo hakuliacha. Akiwa chuoni London alitumia ukweli kwamba madini ya urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa kasi isiyobadilika. Ukipima viwili hivyo ndani ya jiwe, unapata umri wake. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alitangaza mwamba wa Norway wenye miaka milioni 370.

Mwaka huohuo, kwa kukosa fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya. Baadaye alifanya kazi ya mafuta Burma. Kampuni ilianguka, na mwanawe mdogo akafia huko. Mwaka 1924 alianza kufundisha Durham. Alieleza kwamba chini ya ganda la dunia mwamba wenye joto huzunguka polepole, kama uji unaochemka chunguni, na kuyasukuma mabara. Wengi hawakumkubali kwa miaka mingi.

Mwaka 1951 aliupa jina Mkanda wa Msumbiji, yaani mabaki ya milima ya kale iliyolika, yanayopita Msumbiji, Tanzania na Kenya. Upare na Usambara zimo humo.

Waliomfuata walitafuta kujua kilichomo chini ya mkanda huo. Hulipua baruti ardhini au majini, kisha vipimo husikiliza mawimbi yanayorudi kutoka kwenye tabaka za chini, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Mwaka 1994 mradi wa KRISP ulifanya hivyo kusini mwa Kenya, hadi Vilima vya Chyulu, jirani na Kilimanjaro. Ganda la dunia huko lina unene wa takriban kilomita 40.

Holmes alifariki tarehe 20 Septemba 1965. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Novemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Dei Verbum, inayotufundisha kwamba Maandiko hutupa bila kosa ukweli ule Mungu alioutaka kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba tuzingatie namna waandishi wake walivyoandika. Kwa hiyo mseminari akiulizwa parokiani kama mawe ya Upare yanapingana na kitabu cha Mwanzo, ajibu bila hofu. Mwanzo hutuambia ni nani aliyeiumba milima. Umri wake tumeachiwa tuutafute kwa akili aliyotupa Yeye mwenyewe, kwa uvumilivu kama wa Holmes.