Walt Disney na Funzo la Sungura Aliyepotea

Kila zinapovuma habari kwamba kampuni kubwa za burudani nchini Marekani zinakusudia kuungana, wachambuzi wa biashara huhesabu hisa na mabilioni ya dola. Watu wa kawaida huwa na maswali mengine. Je, filamu walizozizoea zitaendelea kupatikana katika huduma ile ile ya intaneti wanayoilipia? Je, bustani za burudani ambazo maelfu ya familia huzizuru zitabadilika? Maswali haya hujadiliwa kana kwamba ni mambo ya jana na leo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuyaelewa hana budi kurejea katika maisha ya mtu aliyeaga dunia mwaka wa 1966, kabla intaneti haijakuwako. Mtu huyo ni Walt Disney.

Disney alizaliwa mjini Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Alipokuwa na umri wa miaka minne, wazazi wake, Elias na Flora, walihamia shamba lililokuwa karibu na mji mdogo wa Marceline katika jimbo la Missouri, na huko ndiko alikoanza kuchora wanyama. Mnamo mwaka wa 1911 familia ilihamia Kansas City, ambako baba alichukua kazi ya kusambaza magazeti. Walt na kakaye Roy ndio waliokuwa wakirauka kabla ya mapambazuko, kwenye theluji na kwenye mvua, kuyafikisha milangoni mwa wateja kabla ya kwenda shule. Mwalimu yeyote aliyewahi kumfunza mtoto anayesinzia darasani kwa uchovu wa kazi za nyumbani atamfahamu vyema mvulana huyu.

Hakumaliza masomo ya sekondari. Mwaka wa 1918 alijiunga na shirika la Msalaba Mwekundu, akapelekwa Ufaransa kuendesha magari ya wagonjwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha punde tu. Aliporejea Kansas City alipata kazi ya kuchora matangazo, akakutana na mchoraji stadi aitwaye Ub Iwerks, kisha akaanzisha kampuni ya vibonzo ambayo ilifilisika mwaka wa 1923. Ndipo alipopanda gari la moshi kuelekea California alikokuwa Roy. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ndugu hao wawili walifungua studio yao Hollywood, Walt akibuni na Roy akishika daftari la hesabu.

Mwaka wa 1927 studio hiyo ilimbuni sungura aitwaye Oswald, ambaye filamu zake zilisambazwa na kampuni ya Universal. Sungura akapendwa mno. Mapema mwaka wa 1928 Disney, akiwa na umri wa miaka 26, alisafiri hadi New York kumwomba Charles Mintz, aliyekuwa na mkataba naye, amwongezee malipo. Mambo yakawa kinyume. Mintz alitaka kuyapunguza malipo hayo, na tena alikuwa amekwisha kuwashawishi wachoraji wengi wa Disney wahamie kwake. Ikadhihirika pia kwamba, kwa mujibu wa mkataba, Oswald alikuwa mali ya Universal. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila jina lililoandikwa ndani yake lilikuwa la mtu mwingine.

Iwerks hakumwacha mkono. Wawili hao walimbuni panya Mickey, na tarehe 18 Novemba 1928 filamu fupi ya Steamboat Willie ikaonyeshwa New York, sauti zake zikilingana barabara na matendo ya wahusika, jambo lililowastaajabisha watazamaji wa siku hizo. Safari hii Disney hakukubali kumwachia msambazaji yeyote umiliki. Katika miaka ya 1930 sura ya Mickey iliuzwa juu ya saa, vikombe na wanasesere, na kila kilipouzwa kitu, fungu lake lilirudi studioni. Faida ya kubuni mhusika ilikuwa imempata aliyembuni.

Hata hivyo, ukweli unatulazimu tuutazame pia upande wa pili wa maisha yake. Filamu ya Snow White ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1937, wale waliokuwa wametabiri kwamba ingemfilisi walinyamaza. Mapato yake yalijenga studio mpya huko Burbank. Lakini filamu nyingi fupi za wakati huo zilikuwa zimebeba jina la Walt Disney peke yake, ilhali kazi ilifanywa na wachoraji wengi ambao mishahara yao ilipishana mno. Tarehe 29 Mei 1941 mamia yao waligoma. Disney aliuona mgomo huo kuwa usaliti, na mnamo mwaka wa 1947 aliwashutumu baadhi ya wahusika wake kwa ukomunisti mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mtu aliyeumizwa na mwenye daftari alikuwa sasa mwenye daftari, na maumivu ya wengine hayakumwelea kwa wepesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Disney alitaka kujenga bustani ya burudani isiyokuwa na kifani, lakini wenye pesa walisitasita. Msaada ulitoka katika televisheni, chombo ambacho watengenezaji wengi wa filamu walikiogopa kama adui. Kampuni ya ABC ilikubali kutoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya mamilioni, ikapata takriban thuluthi moja ya umiliki wa bustani. Naye Disney aliahidi kuitengenezea ABC kipindi cha kila juma. Kipindi hicho kilianza Oktoba 1954, kikawaonyesha watazamaji bustani hiyo hata kabla haijakamilika. Disneyland ilipofunguliwa huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, nchi nzima ilikuwa inaijua.

Hapa ndipo ilipo asili ya jambo tunalolijadili. Skrini humfanya mtoto ampende mhusika, na bustani humpa nafasi ya kwenda kukutana na mhusika huyo, akiwa na mzazi mwenye mkoba. Arudipo nyumbani na mwanasesere, huitazama tena skrini. Kazi iliyofanywa na televisheni mwaka wa 1954 ndiyo inayofanywa leo na filamu zinazotazamwa kupitia intaneti. Mnamo mwaka wa 1960 kampuni ya Disney iliinunua sehemu ya ABC katika bustani hiyo, na mwaka wa 1996 ikainunua ABC yenyewe kwa dola bilioni 19.

Disney hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 15 Desemba 1966. Roy ndiye aliyesimamia ujenzi wa bustani ya Florida hadi ilipofunguliwa Oktoba 1971, naye akafariki miezi michache baadaye. Warithi wao wameendelea kununua. Walichukua Pixar mwaka wa 2006, Marvel mwaka wa 2009, Lucasfilm mwaka wa 2012, na mwezi wa Machi 2019 sehemu kubwa ya kampuni ya Fox kwa dola bilioni 71.3. Mwaka huo wa 2006 walimrejesha hata Oswald, baada ya miaka 78. Walimpata kutoka kwa wamiliki wa Universal kwa kuridhia kwamba mtangazaji wa michezo, Al Michaels, ahamie kwa wapinzani wao.

Sasa turejee kwa maswali yetu mawili. Katika bustani, mabadiliko huwa ya polepole, kwa kuwa mikataba ya kale haifi kampuni inapobadili mikono. Marvel ilikuwa imeiruhusu Universal mwaka wa 1994 kuwatumia mashujaa wake, na kwa sababu hiyo Disney, ijapokuwa ndiyo inayoimiliki Marvel, ilifungua eneo la mashujaa hao California mwaka wa 2021 lakini haikuweza kufanya vivyo hivyo Florida. Aidha, familia ya Simpsons, iliyokuja pamoja na Fox, iliendelea kuwapokea wageni katika bustani za Universal baada ya muungano wa 2019. Katika intaneti, kwa upande mwingine, mabadiliko huja kwa kasi. Disney ilifungua huduma yake, Disney+, tarehe 12 Novemba 2019. Filamu zake mpya, ambazo nchini Marekani zilikuwa zikienda Netflix kwa mkataba, zikaelekezwa huko, na vipindi vya Simpsons vikawamo tangu siku ya kwanza.

Mtazamaji anaweza kufurahi kwamba mengi yamekusanywa mahali pamoja. Lakini muungano una gharama yake. Studio kubwa za Hollywood zilizokuwa sita zilibaki tano, na kitengo cha Fox 2000, kilichojulikana kwa filamu zilizotokana na riwaya, kikafungwa. Mwandishi mwenye hadithi nzuri akawa na milango michache zaidi ya kubisha. Yule kijana wa miaka 26 aliyeondoka New York mikono mitupu mwaka wa 1928 angalau alikuwa na kwingine kwa kwenda.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Filamu ya The Lion King ya mwaka wa 1994 iliwapa wahusika wake majina ya Kiswahili kama vile Simba na Rafiki. Bustani ya Animal Kingdom iliyofunguliwa Florida mwaka wa 1998 ina kijiji kiitwacho Harambe, neno letu likiwa limepunguzwa irabu moja. Maneno hakuna matata, yaliyokwisha kuvumishwa na kundi la Kenya la Them Mushrooms katika wimbo wa Jambo Bwana wa mwaka wa 1982, yalisajiliwa Marekani mwaka wa 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney kwa mavazi. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka, na wengi waliolalamika mwaka wa 2018 hawakulielewa hilo. Hata hivyo, unatuonyesha ni nani aliyefika mapema kwenye daftari.

Wanafunzi wetu leo wanachora vibonzo, wanatunga nyimbo na kuzipeleka katika intaneti, wakikubali masharti wasiyoyasoma. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, lakini sheria haimfai asiyeijua lugha yake. Ningependekeza kwa walimu wenzangu wa Kiswahili kwamba, pamoja na barua na hotuba, tuulete mkataba darasani uwe kifungu cha ufahamu. Mwanafunzi aeleze kwa maneno yake tofauti kati ya kuuza kazi na kuikodisha, maana ya leseni na maana ya umiliki, na aonyeshe ni sentensi gani inayompokonya mtunzi haki yake. Disney aliipata sentensi hiyo akiwa mbali na nyumbani, baada ya kuitia sahihi. Wanafunzi wetu wanaweza kuikuta kwanza darasani.